Rundo la Mawe Mwisho wa Uwanja

Jumanne, 8 Julai

Mbuzi kumi na mmoja uwanjani kabla ya saa moja. Wote wa jirani yuleyule. Nimewafukuza kwa fimbo na matusi. Matusi yamefanya kazi zaidi.

Nimetembea uwanja wote, kwenda upande wa kulia, kurudi upande wa kushoto. Mawe sita. Nimeyatupa kwenye rundo langu kule mwisho. Miaka kumi na tano naokota mawe ili tairi za ndege zisipasuke, na rundo limenifika kiunoni. Mtu asiyejua atadhani kuna jambo la maana pale.

Ndege moja, saa nne. Mume na mke kutoka Ujerumani. Wamesubiri gari lao dakika arobaini kwenye benchi, chini ya bati. Maswali yangu matatu, kama kawaida: mmetoka wapi, mnakwenda wapi, mmemwacha nani nyumbani. La tatu ndilo linalofungua watu. Wamemwacha paka. Mke amenionyesha picha kumi na mbili. Paka mnene. Nimesema pole.

Kiingereza changu nilikitoa kwenye kitabu cha watalii kilichosahauliwa kwenye benchi hilohilo, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Ndiyo maana najua kuuliza bei ya chumba katika miji ambayo sitaifika.

Shamba la mkonge linanilipa kulinda uwanja. Kazi yangu hasa ni kuzungumza na watu wanaosubiri gari.

Jumatano, 9 Julai

Nimefanya jambo baya. Naliandika kama lilivyokwenda.

Ndege saa tano. Watalii sita, wanapanda Bungu kutembea milimani kwa wiki moja. Watano Wazungu. Wa sita mwanamke mweusi wa miaka hamsini hivi, viatu vizito vya milima, anaitwa Speransa. Kazaliwa Burundi, anaishi Kanada, ni muuguzi. Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Swali la tatu: kamwacha mama yake, mzee sana, macho hayaoni vizuri. Kisha akaongeza mwenyewe:

"Niko natafuta babu. Yohani. Alikuja huku kukata mkonge, hakurudi. Mama alikuwa na miaka minne."

Sasa, mimi ni Mzigua wa Handeni, kwetu upande wa Mkata. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na kwenye kambi za mkonge kila aliyetoka magharibi tulimtia kwenye fungu hilo: Msukuma, Muha, Mrundi. Ukikutana naye unamtukana, naye anakutukana, mnacheka. Usipomtukana anauliza kama unaumwa. Hata msibani. Msibani ndiyo zaidi.

Basi mdomo ukatangulia. Nikasema, "Yohani? Yule mwizi wa kuku? Alimaliza kuku wa kambi nzima. Tulimzika pale mwisho wa uwanja, tukamrundikia mawe asije akatoka."

Nikasubiri tusi langu. Halikuja.

Alisimama. Akauliza, "Wapi?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Neno moja tu, natania. Badala yake nikanyoosha mkono. Nadhani nilitaka kuona atafanya nini. Ndiyo tabia yangu hiyo, kutazama watu. Leo nimeiona sura ya tabia hiyo.

Alitembea uwanja mzima juani. Akapiga magoti kwenye mawe yangu. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, si kama wanavyolia Kanada. Kisha akatoa simu akamwonyesha mama yake, akiisogeza polepole juu ya mawe ili macho yale mabovu yaone. Wazungu walivua kofia. Rubani akavua kofia.

Na mimi nikavua kofia.

Alhamisi, 10 Julai

Hakuna ndege. Mawe manne. Sikuyatupa kwenye rundo. Yako mfukoni.

Ijumaa, 11 Julai

Mama Kabula anauza chai na chapati hapa uwanjani. Baba yake alitoka Tabora kwa miguu kuja kukata mkonge, kwa hiyo ni mtani wangu halali. Kila asubuhi ananiita mla mihogo, namwita mla kumbikumbi, anamimina chai. Leo hajaniita kitu. Kaiweka chai mbele yangu kama kwa mteja.

Nikamuuliza kama anaumwa.

"Yule mgeni kanipigia kutoka Bungu. Alichukua namba yangu juzi aliponunua chai. Anauliza eti ni kweli babu yake alikuwa mwizi wa kuku."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mtandao unakatakata."

Kuna mabaya zaidi. Yule bibi kule Kanada, mama yake Speransa, alipoambiwa habari ya kuku alicheka mpaka akakohoa. Kasema ndiye huyo huyo, aliambiwa hata nyumbani alikuwa mdokozi. Usiku ule kalala mpaka asubuhi. Sasa anataka jiwe moja la kaburini alishike mkononi. Speransa atalichukua Jumatano, wakirudi kupanda ndege.

Nikasema labda ni heri. Bibi kafurahi. Nani kaumia?

Mama Kabula aliweka birika chini. "Ungenitania mimi ningekujibu. Ungesema baba yangu kazikwa bila jeneza, ningekwambia wako kazikwa na nusu sanda, nusu mlishaiuza. Yule hakuwa na jibu mdomoni, hajui hata kama anataniwa. Huo si utani, Mzigua. Umemdanganya mfiwa."

Akafuta meza, akaendelea.

"Na mtani msibani anachimba kaburi, anapika, anabeba maji. Ndipo anatukana. Wewe umeanza na tusi. Jembe lako liko wapi?"

Chai ilipoa. Sikuinywa. Sijawahi kuiacha chai ya yule mama.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda Korogwe ya zamani, karibu na mto, kwa Mzee Mathiasi. Kazaliwa kambini, baba yake Mrundi. Nimempa shikamoo, nimekaa, nimekunywa maji, nimezunguka sana kabla ya kufika kwenye neno. Mwishowe nikauliza kuhusu Yohani.

Alicheka. "Yohani yupi? Padri alikuwa akibatiza kwa mafungu. Kina Yohani walijaa kambi nzima. Na kitabuni kwa mzungu hawakuandikwa jina, waliandikwa namba. Ndiyo maana mkatuita manamba."

Nikauliza, waliokufa walizikwa wapi?

Hakucheka tena. "Umelinda shamba hilo miaka yote hii. Hujui?"

Sijui. Namjua paka wa Ujerumani.

Akanielekeza.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeomba ruhusa ya siku moja. Mama Kabula na mimi, jembe na panga. Mwendo wa saa nzima kutoka uwanjani, nyuma ya kambi iliyobomoka. Mahindi ya watu yameishia pembeni kabisa mwa makaburi, aliyelima aliona aibu akasimama hapo.

Safu moja. Kila kaburi lina mche wa mkonge kichwani, wenzao waliwapandia huo badala ya msalaba. Mikonge mikubwa, majani hayajawahi kukatwa hata moja. Katika nchi hii yote ya mkonge, hiyo ndiyo pekee isiyokatwa. Nimehesabu kumi na saba. Majina hakuna.

Nimefyeka mpaka alasiri. Mama Kabula alikaa kivulini akinisimamia. "Hapo bado majani, mla mihogo." Nilifurahi kuitwa hivyo kuliko nilivyotegemea.

Malengelenge viganja vyote viwili. Sina wa kumlalamikia.

Jumanne, 15 Julai

Kesho. Nimepanga kuumwa tumbo. Nimeshachagua mpaka dalili.

Nimefikiria pia hivi: nikinyamaza, jiwe linakwenda Kanada. Bibi analishika. Anakufa akiwa amelishika. Jiwe nililoliokota mimi ili tairi lisipasuke. Nimejisomea sentensi hiyo mara mbili kuona kama inavumilika.

Haivumiliki.

Jumatano, 16 Julai

Walishuka kutoka Bungu saa mbili asubuhi. Ndege yao ilikuwa ya saa sita. Muda ulikuwepo, kwa hiyo kisingizio hakikuwepo.

Speransa alikuja na kitambaa cheupe cha kufungia jiwe. Alinisalimia vizuri. Nikamwomba akae kwenye benchi. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, bila kupamba: simjui babu yako. Sijawahi kumjua. Mawe ni yangu. Nilikuwa nakutania, kwetu ni desturi, na ulipoamini nikakuacha uamini.

Nilitegemea kofi. Nilikuwa nimeshaliandalia shavu.

Alikunja kitambaa mara nne. Akakikunja tena. Akauliza, "Na kuku?"

"Hakuna kuku."

"Mama alicheka juu ya hao kuku," akasema. "Sijamsikia mama akicheka hata..."

Mama Kabula ndiye aliyeninusuru, ingawa hakukusudia. Alikuja akamshika mkono mgeni akamwambia, dada, sehemu yao ipo, twende. Dereva wa watalii akakubali kutupeleka. Mimi nilikaa nyuma na mabegi.

Alitembea kati ya ile mikonge akigusa mmoja mmoja. Ncha zake zinachoma, hakujali. Akauliza ni yupi. Nikasema sijui. Akauliza kama yumo. Nikasema huenda. Lilikuwa jibu la kweli, na dogo kuliko uongo wangu.

Kisha akapiga magoti kwenye kaburi la kwanza, akachota udongo kwa vidole vitatu, akautia kwenye kitambaa. Akaenda la pili. Yote kumi na saba. Nilitaka kumshikia kitambaa. Alinitazama tu, nikarudi nyuma.

Uwanjani, ndege ilipowasha injini, nikamuuliza atamwambia nini mama yake. Akasema, "Ulimpa mama baba yake kwa wiki moja. Sasa ni mimi nikamnyang'anye?"

Alimkumbatia Mama Kabula. Mkono hakunipa. Siku zote ndege ikiondoka mimi hupunga mpaka iwe nukta. Leo niliitazama tu ikipita juu ya rundo.

Ijumaa, 18 Julai

Ndege moja. Wajapani wawili, vijana. Wametoka wapi, wanakwenda wapi. Swali la tatu sikuliuliza.

Mawe matano. Mfuko wa shati umeanza kuchanika.

Jumatatu, 21 Julai

Jana jioni Mama Kabula alinisikilizisha ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Speransa kamwambia mama yake yote, na kwamba hakukuwa na kuku. Bibi alikishika kile kitambaa cha udongo mapajani siku nzima. Halafu akazungumza, na nimeisikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, kwa Kirundi, mtoto wake akifasiri nyuma yake. Anasema hao kumi na saba wote hawakurudi kwao. Anasema yule mlinzi, kwa kuwa ana mdomo, awe anawasalimia. Wote, kwa kuwa hajui ni yupi.

Hakusema amenisamehe. Nimeomba turudie mara tatu nikilitafuta neno hilo. Halimo.

Leo nimekwenda makaburini baada ya sala ya alfajiri. Umande mwingi, suruali imelowa mpaka magotini. Nimeanzia wa kwanza. Shikamoo, mzee. Wa pili, shikamoo, mzee. Nilijisikia mjinga mpaka kama wa tano hivi. Wa kumi na saba nimemaliza nikawaombea kwa dini yangu, sina nyingine. Mawe ya mfukoni nimeyapanga pembeni ya njia, si juu ya mtu.

Hakuna aliyeitikia.

Nimechelewa kazini. Mbuzi walikuwa wamejaa uwanja mzima. Nimewatoa mmoja mmoja, bila matusi.