Thoan Hakufika Kusini

Hố Nai, Kusini, Februari 1955

Kwako Baba Thoan,

Natumai wewe na mama mkwe mmeamka salama. Huku ni kiangazi, udongo ni mwekundu mpaka nguo hazitakati. Wali tunapata. Nimepewa kibanda cha makuti karibu na kanisa letu la turubai.

Unakumbuka Padri Hoan alivyohubiri kijijini: "Bikira Maria ameshakwenda Kusini, amewaachia wakomunisti huku Kaskazini! Nyie mnabaki na nani?" Mama mkwe akasema pale kitandani, "Mimi siwezi kutembea, na Maria hawezi kuniacha." Basi ukabaki kumuuguza, nami nikambeba Thoan wetu nikapanda meli, ukaahidi kutufuata.

Baba Thoan, mwanetu hakufika. Homa ilimshika melini, akanifia mapajani, wakamzika baharini.

Nilipomwambia Padri Hoan, tuliyekuja naye, kwamba nakuandikia, alishtuka. "Usiandike hayo, binti yangu. Wa nyumbani wakisikia watasita kuja, na kila anayebaki ni ushindi wa wakomunisti. Andika mmefika salama."

Nikamuuliza, "Tumefika akina nani, Padri?"

Akanibariki, akaondoka. Ndiyo maana barua hii sikuipitisha kwake.

Mpaka wa Kaskazini na Kusini bado haujafungwa. Siwezi kukuambia umwache mama yako, wala sina nguvu za kukuambia ubaki. Ila usije kwa ajili ya mahubiri, mume wangu. Ukija, uje kwa ajili yangu, maana hapa nipo peke yangu.

Mkeo anayekulilia,
Nhài