Mpera Nilioukatisha

Jumatatu, 7 Aprili
Nimekagua mipera yote ishirini na miwili kabla ya chai. Majani safi. Maua yameanza tena kwenye matawi machanga. Nikapasua pera moja lililoiva: funza. La pili: funza. La tano nikaacha, nikatema mate. Nilikuwa bwana afya hadi nikastaafu, nimechungulia vyoo vya nusu ya Tabora, na sijapata kuona uchafu unaojificha ndani ya kitu kinachonukia vizuri hivi.

Nimeokota yaliyoanguka, ndoo tatu, nikayatupa kwenye shimo la mboji nyuma ya jiko. Yasilale chini. Usafi kwanza.

Jumatano, 9 Aprili
Aibu. Mke wangu Zainabu kampa mgeni juisi ya mapera yetu. Mgeni kainua glasi, kaitazama, kairudisha mezani taratibu. Kuna kitu kilikuwa kinajinyonganyonga juu ya povu. Sikula mchana.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimempata mkosaji. Mpera wa jirani, Mama Sesilia. Upo hatua nne tu kutoka ua wangu. Mzee, haujawahi kupogolewa, mapera yanaozea chini na kuku wanayachakura. Kinyaa kitupu. Nimemwambia aukate.

"Baba Hadija, huu aliupanda marehemu mume wangu."

Nikamjibu kwamba marehemu hasumbuliwi na nzi, tunaosumbuliwa ni sisi. Akaingia ndani.

Jumapili, 13 Aprili
Nimemwambia tena, akitoka kanisani na tawi lake la mtende mkononi. Akapita zake.

Jumatatu, 14 Aprili
Tena, saa kumi na mbili asubuhi, nikipaza sauti juu ya ua. Nimetaja mwenyekiti wa mtaa. Zainabu amesema natia aibu. Sijali. Funza hawajui ujirani.

Alhamisi, 17 Aprili
Shoka tangu asubuhi kwa Mama Sesilia. Kufikia adhuhuri mpera ule uko chini. Nimefurahi, nakiri. Nimeweka mboji kwenye mashina yangu yote, ndoo moja kila shina, kama nifanyavyo kila msimu.

Alhamisi, 8 Mei
Wiki tatu. Nimepasua kumi. Tisa yana funza, wanene kuliko wa mwanzo. Nimekasirika. Nimempigia simu mtaalamu wa kilimo.

Jumatatu, 12 Mei
Kaja. Binti mdogo, viatu vya mpira. Nikataka kumwonyesha mipera, yeye kauliza yaliyoanguka natupa wapi. Nikampeleka shimoni kwa fahari. Kachimbua kwa kijiti.

Vidonge vya kahawia, ukubwa wa punje ya mchele, mamia. Kimoja kilipasuka mbele yangu, akatoka nzi mchanga, mabawa yamekunjamana, bado mabichi.

"Babu, hapa ndipo unapowafuga." Kaeleza polepole, kama kwa mtoto: funza akishiba hutoka kwenye tunda, huingia kwenye udongo, hugeuka nzi. Mimi nimempa shimo laini lenye joto. Halafu nimechota nikamgawa shina kwa shina.

Nimetapika nyuma ya jiko. Si kwa sababu ya nzi.

Jumanne, 13 Mei
Nimefukua shimo lote. Mapera yaliyooza nimeyajaza kwenye mapipa yenye mifuniko, nimeyaacha juani yachemke na funza wao, kama alivyoelekeza. Harufu imeniingia kwenye kucha. Nimeoga mara tatu. Najichukia.

Jumatano, 14 Mei
Nimekwenda kwa Mama Sesilia. Alikuwa anapepeta mchele. Nimemwambia yote, nimesimama. Hakunikaribisha kiti.

"Najua," akasema. "Shimo lako nalinusa tangu mwaka jana. Nzi nawaona wakitokea kwako."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kukata.

"Nilichoka kuamkia sauti yako."

Akaendelea kupepeta. Nikasema samahani. Akasema amesikia. Nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeanza kuvalisha mapera machanga mifuko ya karatasi, moja moja, kabla nzi hawajayafikia. Kazi ya vidole. Sijasema neno tangu alfajiri.

Saa nne Mama Sesilia ametoka na ungo wa mboga. Ameweka kigoda palepale alipozoea kukaa kivulini, karibu na kisiki. Jua lilikuwa kali, akajitanda kanga kichwani. Nilikuwa na mifuko mingi bado haijatumika. Nimeiacha, nimeingia ndani, nimefunga mlango wa uani bila kishindo.