Valvu ya Chuma au ya Ng'ombe

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa upasuaji amenichorea moyo wangu nyuma ya bahasha. Kachora vibaya. Miaka thelathini napasua mioyo ya ng'ombe buchani, ramani yake naijua. Valvu moja haifungi, damu inarudi nyuma. Mshipa mmoja umeziba. Huo watauwekea njia ya pembeni kwa mshipa wa mguuni. Haya. Valvu mpya nichague mwenyewe. Ya chuma nitazikwa nayo, ila nimeze dawa za kuzuia damu kuganda maisha yote. Ya utando wa ng'ombe haina dawa hizo, lakini baada ya miaka kumi au kumi na mitano huenda nipasuliwe tena. Nina hamsini na minne.

Nikamuuliza: na mtu wa dawa hizo akijikata kisu? Akatazama vidole vyangu, makovu tele. Eti nitafute kazi nyingine. Kana kwamba nabadilisha shati!

Jumatano, 6 Machi

Mama watoto anataka chuma. Kupasuliwa mara moja kunatosha, anasema, na bucha ashike mdogo wangu. Mdogo wangu! Yule anakata nyama kama anapasua kuni.

Jumamosi, 9 Machi

Moyo mmoja sikuuuza. Nimeupasua juu ya gogo, taratibu. Vipazia vitatu vya valvu, vyembamba. Ule utando wa nje, wanaotengenezea valvu, mimi huwatupia paka.

Nikajikata kidole. Nikatazama saa — dakika nne, damu ikakata. Nikasimama pale nafurahi kama mjinga.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelazwa. Nimesaini ya ng'ombe.

Mama watoto kapiga simu kuuliza. Nikasema ya chuma. Sikupanga, mdomo ulitangulia. Akamshukuru Mungu, akalia. Miaka ishirini na sita ya ndoa! Naona aibu.

Jumanne, 12 Machi

Kesho saa mbili asubuhi. Wameninyoa kifua, nimekuwa kuku aliyenyonyolewa. Naogopa. Basi, nimeandika.

Mama watoto kaja na kandambili mpya. Kasikia ya chuma hugonga, tik tik, hata wa pembeni anasikia. Atakuwa analala upande ule, anasema, asikie kama nipo. Nilijifanya naandika, na bado naandika.

Daktari ameingia na fomu. Utaratibu wao: ndugu wa mgonjwa asomewe yote, naye asaini. Mama watoto amevaa miwani, anasogeza kiti karibu.