Mzee Machibya, Ng'ombe Wamesharudi

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ile Jumapili ulipojilaza baada ya chakula cha mchana, usiamke tena kwenda kutafuta ng'ombe. Fimbo yako ilibaki nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kuihamisha, maana tunakujua.

Wengi wanakukumbuka ukiwa Misungwi, mwenye zizi, mtu wa kumpelekea jirani maziwa kabla hajaomba. Sisi tuliokuleta mjini, hapa Mabatini, tunakukumbuka pia miaka ya mwisho, ugonjwa wa kusahau ulipokupokonya majina yetu mojamoja, ukakuachia ng'ombe tu.

Jua likianza kuinama ulisimama. "Ng'ombe hawajarudi!" Mimi Getruda, kitindamimba wako, ulikuwa umeshanigeuza mchungaji wa kuajiriwa. "We umekaa tu, ng'ombe wanamaliza mihogo ya watu!" Jina langu ulilisahau, Baba, ila uvivu wangu uliukumbuka vizuri.

Mwanzoni tulifunga geti kwa kufuli. Ulilipiga mpaka viganja vikavimba, nami nikashinda mlangoni nakulinda, nakula kwa hasira, nalala kwa vipande. Tulichoka, Baba. Tunasema leo, maana ukiwa hai tuliona ni dhambi kusema. Presha ikanipanda, na nesi wa zahanati akaniuliza, "Mama, mzee ana wewe. Wewe una nani?" Akaniambia nitembee kila siku. Nikacheka. Nitembee, huyu nimwachie nani?

Basi tukafungua geti, tukaenda wote. Wewe mbele na fimbo, mimi nyuma nahema kama trekta bovu, tukipanda kwenye mawe mpaka ziwa linapoonekana. Lakini mchungaji harudi nyumbani bila ng'ombe, na siku ile ya kwanza ulikataa kabisa kushuka. Nilibembeleza mpaka sauti ikakauka. Jirani yetu Nusrat, aliyekuwa anaanua nguo, akapaza sauti kutoka chini: "Mzee, shikamoo! Ng'ombe wako wamepita hapa, wamesharudi zizini!"

"Marahaba, mwanangu," ukajibu. Ukageuka, ukashuka.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya jioni, na Nusrat hakuwahi kuchoka kuwaona hao ng'ombe. Ukawa unalala, nami nikalala. Magauni yakaanza kunipwaya. Nesi aliponisifu nilimwambia kwamba mwalimu wangu wa mazoezi ni mkali, na hajui kusifu.

Ulipoondoka kila mtu aliniambia, "Pumzika sasa." Nikapumzika, Baba, na huko kupumzika nusura kuniue. Nilihamia kwenye kiti chako. Miguu ikavimba, presha ikarudi. Jioni ikifika masikio yalisubiri kutukanwa, na nyumba ilikuwa kimya.

Aliyenitoa ni Nusrat. Alisimama getini kamshika mkono mama yake, Bi Mwanaharusi, ambaye naye ameanza kusahau.

"Getruda, mwenzio nimeshindwa. Kila jioni anataka meli ya kwenda Nansio, anasema inamwacha. Simama ututembeze. Na ubebe fimbo ya mzee, kule kuna mbwa."

"Fimbo hiyo haishikwi."

"Basi kaa hapo hapo ufe, tukuzike nayo!"

Nimeishika, Baba. Usinune. Siku hizi tunapanda watatu, polepole, na magoti bado yanalalamika. Tukifika juu tunatazama ziwa, tunamwambia Bi Mwanaharusi meli itaondoka kesho, anakubali kushuka.

Juzi aliishika fimbo yako akaitazama sana. "Ya nani hii?"

"Ya mzee mmoja, Bibi. Alikuwa anatafuta ng'ombe."

"Maskini," akasema. "Mwambieni wamesharudi. Aache kuhangaika."

Ndiyo tunakuambia.

Unakumbukwa na mwanao Revocatus aliyeko Nansio, binti yako Hellen wa Misungwi, mimi mchungaji wako mvivu, wajukuu uliowaita wake zako, na Nusrat aliyewaona ng'ombe.

Wewe ulitusahau sote, Baba, wala hatukukulaumu. Sisi kukusahau hatutaweza, hata tuchoke namna gani.