Nyasi za Nyumba Tuliyofukuzwa

Wilma dada yangu,

Jamu yako imefika, na mume wangu Earl ameshalamba nusu chupa.

Unakumbuka benki ilivyotutisha kwa barua kwamba itainadi nyumba yetu kwa ajili ya deni, mpaka tukahama, wakabadilisha na kufuli? Sasa jiji la Youngstown linanipiga faini, eti nyasi za pale zimerefuka! Nikaenda kufoka ofisini kwao.

Karani akasema, "Mama, benki imeufuta mnada. Hapa Ohio nyumba ni yako mpaka iuzwe."

"Basi nipe ufunguo!"

"Huo kawaulize benki."

Jumamosi Earl alikata nyasi, mimi nikichungulia mapazia yangu dirishani kama mwizi.

Mama akiuliza tena habari za nyumba, mwambie bado ni yetu. Safari hii hutakuwa unamdanganya.

Mdogo wako,
Darlene