Jiwe la Ratili Ishirini

Mlabani, Ifakara
18 Julai 1956

Kaka Evaristo,

Shikamoo. Sisi wazima, mpunga tumeshavuna, na mama anakohoa kidogo tu. Bado anashangaa: mtu aliyekuwa mnunuzi wa mpunga kule Kiberege, leo serikali imempa kazi ya kukagua mizani za wanunuzi wenzake! Mimi nasema ndiyo maana wamekuchukua wewe. Hebu nieleze, unaanza kwa kutazama mizani, au uso wa mwenye mizani?

Nauliza kwa sababu shemeji yako Tadei, tangu asikie unakuja kukagua ghala anakopimia mpunga wa wakulima, hatulii nyumbani. Juzi alirudi na jiwe la mizani la ratili ishirini, akasema nizuie nalo mlango. Mlango wetu haujawahi kusumbua. Unanijua nilivyo mdadisi: alipotoka nikalibeba hadi dukani kwa Konsolata, tukalipima na jiwe lake la ratili ishirini. La Tadei likashuka mpaka chini. Nikawafikiria wote waliopimiwa mpunga kwa jiwe lile wakalipwa pungufu, na mama akiwamo.

Jana Tadei aliniambia nikalitupe katika mto Lumemo. Nikaitikia.

Sasa kaka, mkaguzi akifika, anapita kwanza kula kwa mdogo wake, au anapita kwanza ghalani? Jogoo wako nimeshamfunga.

Na jiwe bado liko mlangoni.

Mdogo wako,
Domitila