Mgombea Mzuri

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekuwa mkalimani. Mimi! Ambaye darasani nikiulizwa jina natazama dari. Mama ana saratani kwenye pafu la kulia, na madaktari wake wanazungumza ile lugha ya shuleni tu. Mpasuaji — nimembandika jina Bwana Kisu — kasema Mama anafaa kupasuliwa, ila katumia neno lile lile la watu wanaosimama kwenye uchaguzi. Nikalitafsiri kama kasuku: "Wewe ni mgombea mzuri." Mama: "Nagombea nini tena, jamani?" Akacheka peke yake. Bwana Kisu hata hakuuliza anacheka nini. Kwake watu ni mapafu yaliyovaa viatu.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja daktari wa dawa, Bibi Dripu. Eti kupasua ni wazimu, pumzi za Mama hazitoshi, pafu litakalobaki halitambeba. Apewe dawa na mionzi. Bwana Kisu: dawa ni kuahirisha tu. Wamebishana pale pale kitandani, mimi nimesimama kama stuli. Wasomi hao! Mwamba ngoma huvutia kwake — na ngozi yenyewe ni ya Mama.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi anasema niwaheshimu, daktari ni daktari. Daktari yupi sasa? Nikamwitikia tu, ndiyo, Shangazi. Mimi ushujaa wangu ni wa kalamu tu.

Jumatatu, 10 Machi

Wamekubaliana kutokubaliana. Mgonjwa achague mwenyewe! Mabingwa wawili, vyeti ukuta mzima, mzigo wanamtupia mtu asiyemaliza sentensi bila kukohoa.

Bwana Kisu kasema: akipasuliwa, huenda akapona kabisa. Bibi Dripu akaongeza, taratibu, akinitazama mimi: huenda pia asiamke kwenye meza ya kupasulia.

La kwanza nikalitafsiri. La pili likanikwama. Sikukusudia. Labda nilikusudia. Nilitaka apone, basi.

Mama akasema: "Wapasue."

Sasa tuko kwenye benchi nje ya mlango wao. Wanaandaa tarehe. Mama kanigusa goti.

"We mwanangu, yule mama kasema maneno marefu vile. Mbona hukunipa hata moja?"

Nikasema lugha yao ni kama mchuzi, ina maji mengi tu.

Kacheka, kikohozi kikamkatiza. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Haya. Nipe na hayo maji."

Nesi kachungulia, anatuita. Mama hainuki. Ananisubiri. Najifanya bado naandika —